Sumba Wanga: Mwongozo wa Kusaka Hitilafu na Kutunza Kiini cha Linux

Watu wengi nchini wakisikia jina la Sumbawanga hutabasamu kwanza, kisha hutania kuhusu uchawi. Wasichojua ni kwamba jina lenyewe linasema kinyume. Kwa Kifipa ni amri: tupa uchawi wako. Anayeingia mjini anaambiwa autue mzigo huo nje. Mwongozo huu unaiazima amri hiyo kwa ajili ya kazi moja iliyojaa uchawi kuliko inavyokiri, nayo ni kusaka hitilafu ndani ya kiini cha mfumo endeshi. Humo utasikia dawa za kila namna: zima uwashe, ongeza kuchelewa kidogo kabla ya kusoma diski, badilisha mpangilio wa mistari miwili, sema memori ni mbovu. Dawa hizi zina sifa moja inayozifanya zipendwe, kwamba mara nyingi zinafanya kazi. Na hapo ndipo hatari ilipo.

Kiini ni sehemu ya mfumo endeshi inayokaa kati ya maunzi na programu zote. Ndicho kinachogawa memori, kupanga zamu za prosesa, kusoma diski na kupokea vifurushi vya mtandao. Ukinunua simu ya Android kwenye duka lolote la Sumbawanga, Namanyere au Kate, umenunua na Linux ndani yake, kiini kilichoanzishwa na Linus Torvalds nchini Finland mwaka 1991 na ambacho leo kina zaidi ya mistari milioni 30 ya msimbo. Programu ya kawaida ikikosea, kiini huifunga na nyingine zikaendelea. Kiini kikikosea, hakuna aliye chini yake wa kukidaka. Tarehe 19 Julai 2024 dunia ililiona hilo waziwazi, pale sasisho la ulinzi la kampuni ya CrowdStrike lilipoangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft. Chanzo kilikuwa kidogo cha kushangaza: faili la data lilitaka thamani ya 21 ilhali msimbo wa draiva ya ulinzi ulikuwa umeandaliwa 20 tu, ukasoma memori isiyo yake. Kosa kama hilo katika programu ya kuhariri picha lingefunga dirisha moja. Kwa kuwa draiva ile ilikaa ndani ya kiini, lilizima mashine nzima, na nyingi zikahitaji mtu wa kuzifikia kwa mkono, moja baada ya nyingine.

Kwa hiyo hoja ya mwongozo huu ni moja, na kila hatua inayofuata inaitumikia. Ndani ya kiini, badiliko ambalo mwandishi wake hawezi kueleza kwa nini linafanya kazi ni hirizi, hata kama mgonjwa ameinuka. Na sababu iliyogunduliwa kwa haki lakini haikuandikwa itapotea, na hitilafu itarudi kwa mlango mwingine. Wengi hudhani kusaka hitilafu na kutunza msimbo ni kazi mbili, ya kwanza ya mashujaa na ya pili ya makarani. Ukweli ni kwamba ni kazi moja yenye nusu mbili: kuitafuta sababu, na kuihifadhi ili atakayekuja baada yako asianze upya.

Okoa ushahidi kabla ya mgonjwa

Kiini kikipata ajali huandika ripoti ambayo wataalamu huiita oops. Kosa la kwanza la anayeanza ni kuisoma kama mtu anayesoma tangazo la msiba: anaona jina la fanksheni iliyo juu kabisa, anaihukumu, anaingia kuihariri. Isome kama hati ya polisi. Anza na ripoti ya kwanza katika logi, kwa maana zile zinazofuata mara nyingi ni matokeo ya ya kwanza. Tazama neno Tainted na herufi zinazolifuata. Herufi D inamaanisha kiini kilishapata ajali kabla ya hii unayoisoma, kwa hiyo rudi nyuma. W inamaanisha kulikuwa na onyo lililopuuzwa. O inamaanisha kuna moduli iliyotoka nje ya mti rasmi wa Linux, na P kwamba kuna draiva ambayo msimbo wake umefungwa. Katika mlolongo wa miito, jina lililotanguliwa na alama ya kuuliza si la kuaminika. Ni mabaki yaliyokutwa kwenye rundo, na huenda hayahusiki kabisa.

Kisha soma anwani iliyoguswa, kwa sababu anwani nayo husema. Anwani ndogo kama 0x18 inakuambia kwamba msimbo ulifuata pointa tupu ukitafuta uga ulioko baiti 24 ndani ya muundo fulani. Fungua tangazo la muundo huo, uhesabu baiti, utaupata uga wenyewe. Anwani iliyojaa 6b6b6b6b, kama umewasha ukaguzi wa memori, inakuambia kuna anayetumia memori iliyokwisha kuachiliwa, kwa maana kiini huijaza memori ya namna hiyo baiti 6b makusudi ili mkosaji ajulikane. Anwani inayoanza na dead kwenye mashine za biti 64 hutokana na orodha ambayo kipengele chake kimeshaondolewa na bado kuna anayekifuata. Waliotangulia walipanda alama hizi kama mkulima anayemwaga majivu mlangoni mwa ghala ili asubuhi aone nyayo. Anayekisia bila kuzitazama nyayo amechagua ramli kwa hiari yake.

Ushahidi huu hufa upesi, na katika mkoa wa Rukwa una adui wa ziada. Kwa miaka mingi umeme wa Sumbawanga ulikuwa ukivuka mpaka kutoka Zambia, na kukatika kwake si habari ngeni kwa yeyote. Kiini kilichoanguka mara nyingi hakiwezi tena kuandika kwenye diski, kwa hiyo maneno yake ya mwisho yanabaki kwenye memori tu, na umeme ukienda yanaenda nayo. Panga mapema. Chombo cha ramoops huhifadhi ripoti katika kipande cha memori kinachodumu mashine ikijiwasha upya, lakini hakikuokoi umeme ukikatika. Netconsole hupeleka kila mstari wa logi kwa mashine nyingine kupitia mtandao wakati mambo yanatokea, na ukiweza kuipa mashine hiyo betri yake, una shahidi anayebaki hai. Kdump huwasha kiini cha pili kilichotengewa memori yake mapema, kikanakili memori ya kile kilichokufa. Waya wa siriali, kwa bodi ndogo na ruta, bado ni mfalme. Na kila unapojenga kiini cha kusambaza, hifadhi faili lake la vmlinux lenye taarifa za usakaji. Bila hilo, ripoti ni namba tupu, na hati ya decode_stacktrace iliyo ndani ya msimbo wa Linux haitakuwa na cha kukutafsiria.

Lifanye lirudi mbele ya macho yako

Hitilafu ambayo huwezi kuirudisha huwezi kuthibitisha kwamba umeiponya. Mfano ulio bora ulitokea mbali sana na Ufipa. Chombo cha Mars Pathfinder kilitua kwenye sayari ya Mirihi tarehe 4 Julai 1997, na siku chache baadaye kompyuta yake ikaanza kujiwasha upya yenyewe. Mfumo endeshi wake ulikuwa VxWorks. Wahandisi wa California hawakuwa na njia ya kufika pale, lakini walikuwa na chombo pacha duniani na walikuwa wameacha ndani ya programu uwezo wa kurekodi kila tukio. Wakakifanyisha kazi kile pacha mpaka kikaanguka kama ndugu yake. Rekodi ikaonyesha kisa ambacho mwenye nyumba yeyote angekielewa: mtoto mdogo ameshika ufunguo wa stoo, baba anausubiri mlangoni, na kaka wa kati anamchelewesha mdogo kwa mazungumzo bila kujua kuna anayesubiri. Kazi ya hali ya hewa, yenye kipaumbele cha chini, ilishika kufuli. Kazi ya kusimamia njia ya data, yenye kipaumbele cha juu, ikaingoja. Kazi za kati zikakalia prosesa. Mlinzi wa saa akaona mkubwa hakumaliza kazi yake kwa wakati, akaamuru kila kitu kianze upya. Tiba ilikuwa kuwasha chaguo moja la kufuli, ili anayeshikilia ufunguo apandishwe cheo kwa muda hadi auachie. Jambo la kuzingatia ni kwamba dalili hizo zilikuwa zimeshaonekana kabla ya kutua, ila hazikurudi walipozifuatilia. Tatizo halikupona kwa kutoonekana. Lilisubiri.

Kwa kazi yako, pacha ni mashine pepe. QEMU itaendesha kiini chako ndani ya kompyuta ya kawaida, kikianguka hupotezi chochote, na unaweza kukisimamisha katikati ya sentensi kwa kutumia gdb. Punguza jaribio mpaka libaki dogo: programu fupi ya C inayoangusha kiini ndani ya dakika moja ina thamani kuliko seva nzima inayoanguka mara moja kwa wiki. Washa wakaguzi waliomo ndani ya Linux yenyewe. KASAN, iliyoingizwa mwaka 2015, hukamata memori inayoguswa nje ya mipaka au baada ya kuachiliwa, na hukutajia aliyeiomba na aliyeiachilia. Lockdep, iliyoandikwa na Ingo Molnar na kuingia mwaka 2006, hutazama mpangilio wa kufuli na kukuonya kwamba michakato miwili inaweza kukwama ikingojana, hata kama siku hiyo haikukwama. KCSAN hutafuta mahali ambapo prosesa mbili zinagombea data bila ulinzi. Wakaguzi hawa wanakipunguza kiini mwendo, ndiyo maana hawawashwi kwenye simu inayouzwa. Mahali pao ni kwenye pacha.

Kama hitilafu haikuwepo katika toleo la zamani na ipo katika jipya, una zawadi, usiitupe. Amri ya git bisect hugawa historia katikati, inakuuliza kama katikati pale ni pazuri au pabaya, kisha inagawa tena. Kati ya mabadiliko 10,000 utahitaji majaribio yapatayo 14 tu kulinasa lile lililoleta ugonjwa, bila kujua lolote kuhusu msimbo wenyewe. Hii ni hesabu, haina upendeleo wala haisikilizi uvumi kuhusu nani huandika msimbo mbaya. Ila usiichukulie kama hukumu. Badiliko lililonaswa linaweza kuwa ndilo lililoamsha kosa lililolala tangu zamani, si lililolizaa. Liondoe juu ya toleo jipya kabisa uone kama ugonjwa unaisha, halafu bado ujiulize kwa nini.

Kuna pingamizi la haki hapa: haya yanahitaji intaneti na kompyuta ambazo fundi wa Kate hana. Historia kamili ya Linux ni gigabaiti kadhaa, na kifurushi cha data kinaisha kabla ya nusu. Jibu ni kuipakua mara moja tu, mahali penye mtandao mzuri, kisha kuigawa kwa flashi. Amri ya git bundle hufunga historia nzima, au nyongeza yake tu, katika faili moja linaloweza kusafiri kwa basi la Mbeya. Ujenzi nao unapungua. Amri ya make localmodconfig huacha moduli ambazo mashine yako haizitumii, na ccache hukuepusha na kujenga upya kile ambacho hakikubadilika, jambo linalosaidia hasa wakati wa bisect. Kompyuta iliyotumika yenye memori ya gigabaiti 8 inatosha kuanza. Kinachokosekana mara nyingi zaidi ni subira ya kuandika kila jaribio: toleo gani, mpangilio gani, matokeo gani. Daftari la shule linatosha.

Dawa ikifanya kazi, iulize

Pingamizi zito zaidi ni la mtu aliye kazini. Hospitali inasubiri seva, wateja wamepanga foleni dirishani, na kuzima na kuwasha kunarudisha huduma kwa dakika tatu. Nani ana muda wa falsafa? Ana haki ya kuwasha upya. Ila achukue dakika moja kabla yake kuhifadhi logi au nakala ya memori, na baada yake aandike kwamba kesi iko wazi. Kuzima na kuwasha ni huduma ya kwanza, kama kufunga jeraha kwa kitambaa barabarani. Hakuna ubaya katika kitambaa. Ubaya ni kumruhusu mgonjwa aende nyumbani nacho ukiita hiyo tiba.

Wapo watakaosema kwamba nyakati nyingine dawa isiyoeleweka ndiyo inayookoa, na historia inawaunga mkono kwa sehemu. Mwishoni mwa Juni 2012 sekunde moja iliongezwa kwenye saa za dunia. Kwetu Afrika Mashariki ilikuwa tayari Julai 1, saa tisa usiku. Seva nyingi za Linux zikaanza ghafla kutumia prosesa zao zote bila kufanya kazi yoyote ya maana. Ikaenea dawa ambayo kwa sura yake haikutofautiana na kafara: iambie mashine kwamba saa ni ile ile inayoionyesha sasa. Walioitumia walipona. Kama kisa kingeishia hapo, kingekuwa ushahidi kwamba uchawi unalipa. Lakini wasanifu wa kiini waliigeuza dawa kuwa swali: kuweka saa kunafanya nini zaidi ya kuweka saa? Jibu likawa kwamba kunaita fanksheni inayovitaarifu vipima muda vya ndani kwamba wakati umebadilika. Sekunde ya ziada ilipoongezwa, fanksheni hiyo haikuitwa. Vipima muda vikabaki sekunde moja mbele, kila aliyeomba kulala kwa muda mfupi kuliko sekunde akaamshwa papo hapo, akaomba tena, akaamshwa tena. Kiraka kilichofuata kilijaza pengo hilo lenyewe. Kwa hiyo dawa iliyofanya kazi isidharauliwe. Ichukuliwe kuwa shahidi ambaye bado hajahojiwa.

Njia hiyo hiyo inamjibu anayelaumu maunzi. Ni kweli memori huharibika, diski hudanganya kwamba zimeandika, na umeme unaopanda na kushuka huumiza bodi. Lakini maunzi mabovu nayo yana nyayo. Ripoti zinazoanguka mahali tofauti kila mara, bila uhusiano wowote, zinaelekeza kwenye memori au joto. Pointa inayotofautiana na ile sahihi kwa biti moja tu inaelekeza huko zaidi. Memtest ikiachwa usiku kucha itasema. Kwa upande mwingine, ajali inayotokea mstari ule ule kwenye mashine tatu tofauti haina haki ya kuitwa bodi mbovu. Sema maunzi ukiwa umepima, maana kuyataja bila kipimo ni sawa na kumtaja jirani.

Kuna hitilafu zinazotoweka pindi unapozitazama. Unaongeza mstari wa printk, unaoandika ujumbe kwenye logi, ili uone, na tatizo linakoma, unauondoa, linarudi. Anayeanza hushawishika kuuacha mstari huo pale na kwenda kulala. Tafsiri sahihi ni kwamba printk imebadilisha mwendo, na kwa hiyo ugonjwa unategemea mwendo: kuna mbio kati ya michakato miwili, au kizuizi cha memori kinakosekana. Hiyo ni habari kubwa, umeshaipunguza dunia kwa nusu. Tumia ftrace, iliyoingia kwenye Linux mwaka 2008 na ambayo huandika matukio kwenye memori kwa gharama ndogo sana, kisha badala ya kuuficha upenyo, upanue: weka kuchelewa makusudi kati ya hatua mbili unazozishuku. Kama ugonjwa uliokuja mara moja kwa siku sasa unakuja kila sekunde, umeshika mkia wake.

Sababu iandikwe, isije ikafukiwa

Hadi hapa ni nusu ya kwanza. Nusu ya pili inaelezwa vizuri na hitilafu iliyoitwa Dirty COW, iliyozibwa Oktoba 2016. Ilikuwa mbio ndani ya usimamizi wa memori, na ilimwezesha mtumiaji wa kawaida kuandika kwenye faili alilopewa ruhusa ya kulisoma tu, hata akautwaa uongozi wa mashine nzima. Simu za Android nazo ziliguswa. Katika maelezo ya kiraka chake, Torvalds alikiri kwamba aliwahi kujaribu kuiziba miaka 11 nyuma, na kwamba kiraka kile kiliondolewa baadaye kwa sababu kilileta shida kwenye mashine kubwa za aina ya s390. Wakati ule mbio hiyo ilionekana kuwa ya nadharia tu. Miaka ilivyopita kiini kikabadilika na ikawa rahisi kuifikia. Tazama kilichotokea. Aliyekiondoa kiraka alikuwa na sababu halali, na shida aliyoiona ilikuwa ya kweli. Ila sababu ya kwanza ilibaki bila mtetezi. Hakuna jaribio lililoachwa kuilinda, na mlango ukakaa wazi kwa miaka.

Ukipita kwenye nyanda za Ufipa bado utaona malungu, matanuri marefu ya udongo ambamo Wafipa waliyeyusha chuma kwa upepo uliojivuta wenyewe kupitia matundu ya chini. Chuma ghafi kilisafishwa baadaye katika tanuri dogo kwa mivukuto. Kazi hiyo ilikoma katika karne ya 20, chuma cha viwandani kilipoenea. Tanuri limesimama, matundu yake yanahesabika, lakini kwa nini ni mengi kiasi hicho na kwa nini udongo ule na si mwingine, ukuta hausemi. Ilibidi wazee waulizwe. Wahunzi wale walikuwa na dawa na miiko yao pia, ila hakuna dawa iliyowaondolea kazi ya kuchagua mawe, mkaa na udongo. Msimbo wa kiini usio na maelezo ni ilungu la namna hiyo. Unaona kufuli, huoni kinacholindwa. Unaona kizuizi cha memori, hujui kinapanga kitu gani dhidi ya kipi, na siku moja kijana mwenye bidii atakiondoa ili kuongeza kasi.

Kwa hiyo kila kiraka kibebe maelezo yenye mambo manne: kilichoonekana, pamoja na ripoti yenyewe; mlolongo uliokisababisha, hatua kwa hatua; kwa nini badiliko hili linaukata mlolongo huo; na jinsi lilivyojaribiwa. Ongeza mstari wa Fixes wenye herufi 12 za mwanzo za kitambulisho cha badiliko lililoleta kosa. Mstari huo si urembo: watunzaji wa matoleo ya muda mrefu huutumia kujua kiraka kiende kwenye matoleo gani ya zamani na kisiende yapi. Mstari wa Signed-off-by, unaotumika tangu 2004, ni neno lako kwamba una haki ya kuutoa msimbo huo. Kiraka kimoja kitibu jambo moja; anayechanganya tiba na usafi wa nyumba amemnyima bisect wa kesho uwezo wa kutofautisha. Na ishike ile kanuni ambayo Torvalds haichezei: programu ya mtumiaji iliyokuwa ikifanya kazi jana isivunjwe na kiini cha leo. Mtu wa Kate aliyesasisha simu yake hakuomba usanifu mpya, aliomba simu yake.

Kutunza pia ni kuona mbali. Tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, hesabu ya sekunde tangu mwanzo wa 1970 itajaza namba ya biti 32 yenye alama na kugeuka hasi. Kazi ya kuirekebisha Linux ilichukua miaka, na toleo la 5.6 la mwaka 2020 ndilo la kwanza lililo tayari kwa mashine za biti 32. Ruta na mita zenye viini vya zamani zilizofungwa ukutani hazijasikia habari hiyo. Siku ile zikikosea watu watatafuta mchawi, na jibu litakuwa limeandikwa kwa miaka mingi.

Je, kiini ni chetu?

Pingamizi la mwisho husemwa kwa sauti ya chini: kiini kinatengenezwa kwingine, sisi ni watumiaji, na majadiliano yake ni kwa Kiingereza. Leseni ya Linux inakanusha sehemu ya kwanza, kwa kuwa msimbo uko wazi kwa yeyote, na kiraka huhukumiwa kwa sababu yake kabla ya anwani ya mwandishi. Kuhusu lugha, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishaonyesha mwaka 2004, kupitia mradi wa Kilinux na programu ya Jambo OpenOffice, kwamba Kiswahili kinaweza kubeba kompyuta. Lakini ipo sababu ya kikazi ya kuanza na lugha yako. Kiingereza cha kuazima kina misemo iliyo tayari inayoweza kusimama badala ya fikra: kurekebisha mbio, kuboresha uthabiti. Maneno yanasikika kitaalamu na hayasemi nani alishika kufuli gani.

Basi, kabla hujatuma kiraka, mweleze kisa fundi mwenzako kwa Kiswahili, au kwa Kifipa kama ndiyo lugha mnayobishana kwayo vizuri. Nani alikuwa wa kwanza kuigusa memori, nani akaiachilia, nani akarudi bila kujua, na kiraka chako kinamzuia wapi. Akikukatiza na kuuliza “na kama huyu wa pili akifika kabla?”, nawe ukajikuta unajibu kwamba hilo haliwezi kutokea bila kumwonyesha ni mstari upi unaolizuia, rudi kwenye pacha yako. Ukimwonyesha mstari, andika maelezo yale yale kwa Kiingereza, tia jina lako, utume.